Aliyeshona Wakati wa Eda Yangu

Siku niliyotoka eda nilioga, nikavaa kitenge cha rangi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, nikaenda sokoni. Watu walidhani nitakuwa na furaha, au nitalia. Wapi. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyekaa mno mahali pamoja akisubiri siku zipite. Nilitaka kitu kimoja: kukaa kwenye cherehani yangu, kukanyaga, na kusikia sindano ikienda.

Cherehani yangu iko barazani, mbele ya duka moja la vitambaa katikati ya soko la Kasongo. Tuko wanawake wanne pale, cherehani nne, mstari mmoja ukutani. Yangu ni ya nne, ya mwisho kabisa, ambapo jua la saa tisa linakupiga usoni. Mume wangu ndiye aliyeninunulia, enzi zile akisukuma madumu ya mawese kwa baiskeli kutoka kwao Wamaza mpaka hapa mjini. Alipougua hakuugua sana. Alifariki alfajiri, na kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa, na mimi nimeshakalishwa kwenye mkeka, nimefunikwa shuka nyeupe.

Kwetu, mjane akiingia eda hatoki. Walimu wanasema anaweza kutoka mchana akiwa na shida kubwa. Mama zetu wanasema hatoki, kwisha. Na wewe uliyefiwa utapata wapi nguvu za kubishana na mama zetu? Niliachiwa mama mkwe, mama wa marehemu, aje anilinde. Alitoka Wamaza kwa ajili ya maziko, na badala ya kurudi kwake baada ya siku tatu za kwanza za matanga, akatandika mkeka wake mlangoni akabaki. Alibaki miezi yote minne na siku zote kumi. Alihesabu siku kwa punje za mahindi ndani ya kopo. Alininyima sabuni yenye harufu, akanifichia kioo, na nilipoimba kidogo nikimbembeleza mtoto alikohoa mpaka nikanyamaza. Watu wakija kutoa pole walimsifu, naye alijibu neno lile lile kila mara, kwamba yeye hajatoka kwenye mlango ule siku hata moja tangu mwanawe azikwe. Niseme ukweli: miezi ile sikumpenda. Nilimheshimu, nikamwogopa, lakini kumpenda, hapana.

Eda ilipokwisha akafunga mzigo wake, akapanda pikipiki akarudi Wamaza. Mimi nikaenda sokoni.

Nilipofika barazani wenzangu waliinuka, tukakumbatiana, tukalia kile kilio kifupi cha wanawake wenye kazi mkononi. Halafu nikaitazama cherehani yangu nikashangaa. Haikuwa na vumbi. Ilikuwa imetiwa mafuta, mkanda wake mpya, na kwenye meza yake kulikuwa na suruali ya mtu, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado. Nikauliza hii ni nini. Jirani yangu wa cherehani ya tatu, ambaye tumekaa bega kwa bega miaka sita, akacheka kwa aibu akanieleza.

Barazani pale tuna desturi. Mwenzetu akijifungua au akifiwa, cherehani yake haifunikwi. Tunasema kuifunika ni kumzika mwenyewe. Siku moja moja mtu huikalia, anaizungusha kidogo isishike kutu, basi. Lakini safari hii wenzangu waliona nina watoto wawili na mume hayupo, wakaona kuizungusha tupu ni upuuzi. Wakagawana siku. Kila mmoja siku yake aliacha cherehani yake akakaa kwenye yangu, akawashonea wateja wangu, na kilichopatikana kikageuka unga na samaki. Ile sufuria iliyokuwa ikiletwa nyumbani kila Ijumaa, ambayo nilidhani ni pole ya majirani, ilitoka pale. Kumbe nilikuwa nalishwa na cherehani yangu mwenyewe bila kujua. Nililia tena, safari hii kilio kirefu.

Jumanne ya wiki ile akaja mtu wa kodi.

Alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mji mwingine, yeye hatujui wala sisi hatumjui. Daftari lake alikuwa amelivika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Alisalimia vizuri, siwezi kumsingizia. Akaomba patenti yangu, ile karatasi ya kila mwaka inayomruhusu mtu mdogo kufanya biashara yake. Nikamwonyesha. Ilikuwa imeisha muda nikiwa ndani. Nikamwambia nilisimamisha kazi kwa kufiwa, sasa nimerudi, ninataka mpya kuanzia mwezi huu. Akasema pole sana, mama. Akafungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

“Mama, mimi nilipita hapa mara tatu,” alisema. “Mara zote tatu, cherehani ya ine ilikuwa inatembea. Naandika kile niliona.”

Nikawatazama wenzangu. Wote watatu walikuwa wameinama kwenye vitambaa vyao, na hakuna cherehani hata moja iliyokuwa ikilia.

Kesho yake nikaenda ofisini kwake. Nani asiyejua ofisi zetu? Benchi moja, watu kumi na wawili, na mwenye ufunguo wa kabati amekwenda kumzika shangazi yake. Nilikaa pale kuanzia asubuhi mpaka makalio yakafa ganzi. Mlangoni kulikuwa na orodha ndefu iliyobandikwa, majina ya watu wa soko, kazi zao, na miezi waliyofanya kazi. Kila anayepita husimama kuisoma. Asiyejua kusoma husomewa, na anayemsomea huongeza ya kwake.

Zamu yangu ilipofika alinieleza polepole, na naona alitaka kunisaidia. Akasema jambo langu si kubwa. Nitie saini kwamba nilifanya kazi mfululizo bila kusimama, nilipie miezi ile, nipewe patenti mpya siku hiyo hiyo. Akanisogezea karatasi na kalamu. Kama sitaki, akasema, basi nimtajie aliyekuwa akishona pale. Nikauliza huyo atafanywa nini. Akasema mtu mwenye patenti ya cherehani moja akishonea mbili, ya pili ameificha, kwa hiyo atatozwa faini na mahali pake patafungwa mpaka kesi iishe. Na nikikataa yote mawili, mahali pa nne patahesabiwa kuwa pa mtu asiye na karatasi. Kuna mwingine aliyekwisha kuandika barua anapataka. Alinipa muda mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata.

Nilishika kalamu ile. Nataka ijulikane kwamba niliishika. Kiasi cha kulipa kilikuwa kidogo, ningekikopa popote. Nilikuwa nimechoka, joto lilikuwa kali, na nilitaka kwenda nyumbani. Lakini Kifaransa changu cha darasa la sita kilinitosha kusoma mstari ule: kwamba mimi, fulani binti fulani, nilikuwa kazini bila kusimama kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Miezi yenyewe ya eda. Karatasi hiyo ingekwenda kwenye orodha ya mlangoni. Mji mzima ungesoma kwamba mume wangu akiwa hajakauka kaburini mimi nilikuwa barazani, uso wazi, nawapima wanaume viuno. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani bila kioo kwa ajili yake. Ilikuwa zawadi ya mwisho niliyoweza kumpa, na niliitoa yote. Leo niiuze kwa saini? Nikaiweka kalamu chini.

“Nilikuwa eda,” nikamwambia. “Sikushona.”

“Sasa leta mutu wa upande wa bwana aseme hivyo,” akajibu, “ao leta karatasi ya kifo.”

Karatasi ya kifo! Sisi tunazika siku hiyo hiyo. Nani atamwacha maiti nyumbani akakimbilie ofisini kupanga foleni? Mume wangu alikufa mbele ya mji mzima, lakini kwa karatasi bado alikuwa hai. Na ndugu zake wa kiume wote wako Lusangi, wanachimba madini. Leo wako shimo hili, kesho lile, simu hazishiki. Alibaki mama yake.

Nilirudi barazani nikawaeleza wenzangu, na hapo nikafanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Niliwakasirikia. Niliwaambia nani aliwatuma, mbona hamkuifunika tu kama watu wengine wanavyofunika, ona sasa mlichonifanyia. Jirani yangu wa cherehani ya tatu akavua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga, akasema niende nikamtaje yeye, yeye peke yake, aandikwe yeye wenzake wapone. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anaendelea kufuta miwani. Ana watoto watano na cherehani ile ndiyo shamba lake, hana lingine. Nikamwambia sitamtaja. Akasema basi utapoteza mahali. Nikamwambia tutaona. Tukashona mpaka jioni, kila mtu na kitambaa chake.

Ijumaa ilikuwa imebakiza siku tisa. Zilipobaki siku tatu nikawaacha watoto kwa jirani, nikapanda pikipiki kwenda Wamaza.

Ile njia, wanaoijua wanaijua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo ulikuwa unateleza. Mara nne tuliteremka, mimi nikatembea na dereva akasukuma. Mara moja tulianguka wote watatu, yeye, mimi na pikipiki, tukabaki tumekaa kwenye tope tukitazamana, hakuna aliyekuwa na nguvu za kucheka. Kwenye kizuizi askari wakatuuliza tunakwenda kufanya nini. Nikasema namfuata mama mkwe. Wakaniangalia nilivyojaa tope, wakafungua kamba bila kuuliza lingine.

Nilimkuta uani kwake anapepeta mpunga. Hakushtuka. Alinipa maji ya kuoga na nguo yake ya kubadili, akanipikia ugali na sombe ya majani ya mihogo, na alipoona nimekula ndipo akauliza. Wakati nakula niliona jinsi wapita njia walivyokuwa wakisimama kumsalimia, vijana mpaka chini kwa magoti. Dada yake mdogo, anayekaa nyumba ya pili, alinieleza kwa fahari kwamba tangu dada yake arudi kutoka Kasongo watu wanamtaja kwenye kila matanga kama mfano. Wanasema mama ni yule, mwanawe amezikwa na yeye hakutoka mlangoni mpaka siku ya mwisho. Mama mkwe alisikia. Nilimwona tu ameketi wima zaidi.

Nilipomweleza kwamba mtu wa kodi anadai nilikuwa kazini, alikasirika sana. Nani amesema ulitoka? Mimi nilikuwa wapi? Akaanza kufunga mzigo wake pale pale. Nikamwambia mama, tungoje asubuhi.

Asubuhi tukapanda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke. Ni mwanamke mwembamba, na kila tulipogonga shimo nilisikia mifupa yake kwenye kifua changu. Sikuwahi kumshika hivyo kabla. Katikati ya njia gurudumu likapata pancha, tukakaa kwenye gogo kumngoja dereva azibe, na hapo ndipo nikamsimulia mengine. Nikamsimulia kuhusu zamu za wenzangu, sufuria ya Ijumaa, faini, na jirani yangu wa miwani anayetaka kutajwa. Nilitaka ajue mapema, maana nilikuwa naogopa swali litakalofuata. Alisikiliza akichora chora chini kwa kijiti. Aliuliza jambo moja tu.

“Yule wa miwani iko na watoto ngapi?”

Nikasema watano. Akakitupa kijiti, akainuka, akaenda kumwambia dereva aharakishe.

Alhamisi tukawa benchini. Mama mkwe alivaa kanga yake nzuri na alikaa na mikono mapajani, mikono ya jembe, vidole vimepinda. Jicho lake la kushoto lina ukungu tangu zamani, na hilo la kulia linamsaidia tu kujua mlango uko wapi. Tulipoitwa, mtu wa kodi alimpa kiti chake, yeye akasimama. Nilisema siwezi kumsingizia, na simsingizii. Alimuuliza kama mimi ni mkamwana wake. Akasema ndiyo. Akamuuliza kama mwanawe amekufa. Hapo alikawia. Akasema ndiyo, amekufa. Akamuuliza kama kweli nilikaa eda bila kutoka.

“Hakutoka,” mama mkwe akasema. “Hata kwenye uchochoro hakutoka. Mungu ni shahidi.”

Mtu wa kodi akaandika, akasoma alichoandika, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikapumua. Nikafikiri labda imekwisha, labda atachoka kama sisi tulivyochoka, aache. Hakuacha. Akanigeukia akasema sawa, mama, nimekubali ulikuwa ndani. Sasa ni nani alikuwa anashona? Nikasema sijui. Akaweka kalamu chini. Alisema anajua kwamba najua, na kwamba yeye pia amechoka, ana barua za wakubwa wake zinazouliza kwa nini soko la Kasongo linaleta karatasi nusu nusu, na hawezi kuandika kwamba cherehani ilijikanyaga yenyewe. Akaigeuza fomu upande wa pili, akafuata mistari kwa kidole, nadhani kunitafutia mlango.

“Kuna fasi moja hapa,” akasema. “Mutu wa familia akishika kazi ya mwenzake, huyo hatuhesabu. Hakuna faini, hakuna patenti, tunaandika jina tu. Hauna hata mutu mumoja wa familia?”

Nikafikiri juu ya shemeji zangu wa Lusangi, ambao mji mzima unajua hawajafika Kasongo tangu maziko. Nikafikiri juu ya ndugu zangu, wako mbali. Nikasema sina.

“Ni miye,” mama mkwe akasema.

Mtu wa kodi akamtazama. Mimi pia nikamtazama, lakini yeye hakunigeukia. Alikuwa ameelekeza uso wake pale sauti ya mtu wa kodi ilipotokea.

“Weye, mama muzee? Unajua kushona?”

“Najua.”

“Nilipita mara tatu. Sikukuona.”

“Ulikuwa unatazama cherehani. Watu haukuwatazama.”

Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Halafu tabasamu likaondoka. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma, ilikuwaje basi na matanga ya mwanawe, maana sasa hivi tu ameshuhudia kwamba sikutoka. Nikaona mtego wote. Eda yangu aliyoishuhudia, aliishuhudia akiwa mlangoni. Kama alikuwa sokoni, hakuwa mlangoni. Na mama hana eda, sheria haimkatazi mama kwenda sokoni, lakini watu? Mama aliyezika mtoto, kabla hata ya arobaini, akaenda barazani kukata suruali?

Nikafungua mdomo nimzuie. Akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaubana.

“Asubuhi nilikuwa namfungia mulango, ninaenda,” akasema. “Jioni ninarudi, ninamukuta. Matanga niliiacha. Wajukuu walikuwa wanataka kula. Andika.”

Mtu wa kodi akaandika. Aliandika jina lote la mama mkwe, na jina la kijiji chake, na miezi ile minne. Akamletea kidau cha wino, akamshika kidole gumba mwenyewe akakiweka mahali pake, kwa sababu mama mkwe hakuona mstari. Patenti yangu ilitoka kabla ya saa sita. Mahali pa nne, jina langu mimi mwenyewe, muhuri wa buluu bado umelowa.

Nilimshika mkono tukatoka. Tulipopita msikitini adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, akaingia upande wa wanawake kuswali, nami nikaswali nyuma yake. Nilimaliza nikamngoja. Alibaki kwenye mkeka muda mrefu baada ya watu wote kutoka, midomo inatembea. Alipotoka nilikuwa nalia, na niliona hasira pia, sijui hasira ya nini. Nikamwambia mama, ungeacha. Ningetia saini yangu, mambo yangekwisha.

“Mutoto wangu alikuoa, ulikaa eda yake yote,” akasema. “Hiyo haiwezi kuandikwa vingine. Yangu mimi waandike.”

Nilimwomba akae nami siku chache. Alikataa, mpunga wake ulikuwa uani. Wenzangu wa barazani walikuja wote watatu kumuaga. Jirani yangu wa miwani alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi la stendi ya pikipiki, na mama mkwe alimwinua kwa kiwiko akamuuliza kama watoto wako salama.

Orodha mpya ilibandikwa Jumatatu. Sikwenda kuisoma, nilisomewa bila kutaka. Watu walisimama mbele ya cherehani yangu wakijifanya wanatazama vitambaa. Mwanamke mmoja anayeuza chumvi, anayekwenda Wamaza kila wiki mbili, aliniuliza kama ni kweli, na nilijifanya napoteza sindano ili niiname.

Mwezi ulipita. Idi ilipokaribia nilishona gauni la kitambaa kizuri, nikalichukua pamoja na watoto tukaenda Wamaza. Njia ilikuwa kavu, tulifika mapema. Hakuna aliyepiga magoti. Vijana walipita mbele ya ua wakasalimia kwa kutikisa kichwa, wakaendelea. Mama mkwe alikuwa ameketi na ungo wa karanga mbele yake, anamenya kwa vidole bila kutazama, na upande wa pili wa ua alikuwa dada yake mdogo na wanawake wawili wa jirani, na mmoja wao ni yule wa chumvi.

Nikasalimia. Nikatoa gauni, watoto wakamrukia bibi yao. Tulipokwisha kukaa, dada yake akanigeukia. Alikuwa amejizuia muda mrefu, ilionekana. Aliuliza mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayetumaini kujibiwa hapana.

“Mutoto wetu, sema kweli. Dada yangu aliacha matanga ya mwanawe akaenda kushona sokoni?”

Mwanamke wa chumvi aliacha kutafuna. Keshokutwa angekuwa Kasongo. Nikimwambia hapana, kabla ya jioni hiyo watauliza barazani aliyeshona basi alikuwa nani, na mtu wa kodi atasikia. Nikamtazama mama mkwe. Hakuinua kichwa. Maganda ya karanga yaliendelea kuvunjika kati ya vidole vyake, moja, jingine, jingine.

“Ndiyo,” nikasema. “Alikwenda.”

Dada yake alinitazama kidogo, halafu akamtazama yeye. Kisha akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukiweka kwenye ua wake mwenyewe, upande wa pili wa uzio. Wale wengine wawili wakamfuata. Tukabaki mimi, yeye na watoto. Mama mkwe akasogeza ungo katikati yetu, akanipa nusu ya karanga, tukamenya.